Jumba letu la kijiji lilijengwa na Mgiriki au na wananchi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati ndogo ya kijiji chetu, wilayani Muheza. Tuna jumba la mikutano la zamani. Kuta zake ni nene, za mawe, na bati limeoza nusu. Kwenye ngazi ya mlango wa mbele pameandikwa 1958, inaonekana mtu alichora kwa kijiti simenti ikiwa mbichi. Bibi yangu anaapa kwamba jumba lilijengwa na Mgiriki wa shamba la mkonge. Mzee mmoja aliyekuwa balozi wa nyumba kumi anasema ni jasho la wananchi na chama. Wazee wanaliita Welfea, sisi vijana tunaliita ukumbi wa chama, na kwenye daftari la mali za kijiji limeandikwa "ghala la zamani". Tunataka kulikarabati, na tumeambiwa kwanza tuandike historia yake fupi ya kubandika ukutani. Kikao kilivunjika kwa ubishi wa nani alijenga. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilicheka, maana nusu ya jibu umeiandika mwenyewe. Jumba moja lina majina matatu, na kila jina lina watu wake na miaka yake. Bibi yako anasimulia jumba alilolikuta akiwa msichana, na mzee balozi anasimulia jumba alilobebea mchanga. Sidhani kama kuna anayedanganya hapo.

Kilichovunja kikao chenu ni hilo neno "alijenga". Nimezunguka kwenye kumbi za vijiji vya Tanga miaka mingi, na ni mara chache nimekutana na mtu mmoja au shirika moja linalostahili kitenzi hicho peke yake. Kiwanja hutoka kwa huyu, mawe kwa yule, bati kwa wa tatu, na mikono hutoka kwa watu ambao hakuna karani aliyewaandika. Kwa hiyo ukirudi kwenye kamati, waombe waliache swali la nani alijenga, waulize nani alitoa nini, na lini. Utashangaa kelele zinavyopungua.

Sasa, anza na jumba lenyewe kabla hujamuuliza mtu yeyote. Nenda asubuhi mapema, jua likiwa bado chini, kwa sababu mwanga wa pembeni huonyesha viraka vya ukutani ambavyo saa sita mchana huvioni kabisa. Beba tochi, futikamba, msumari mmoja, daftari na simu ya kupigia picha.

Hiyo 1958 kwanza. Tarehe iliyochorwa kwenye simenti mbichi ni umri wa simenti hiyo, basi. Aliyeichora alikuwa anamwaga ngazi, na hatujui alikuwa anamalizia jumba jipya au anarekebisha la zamani. Angalia pale ngazi inapokutana na ukuta. Kama kuna mstari ulionyooka, na ngazi imejitenga na ukuta hata kwa upana wa wembe, ngazi ilipachikwa baadaye. Kama zege la ngazi limeingia chini ya ukuta na mawe yamelala juu yake, hapo 1958 inaanza kuwa na uzito.

Kisha kuta. Muheza si pwani. Kama mawe yenu ni ya matumbawe, yale meupe yenye vitundu na magamba ya chaza ndani yake, basi kuna aliyekuwa na lori au behewa la kuyapandisha kutoka huko chini, na kijiji cha wakulima wa miaka ya 1950 hakikuwa na hivyo. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na Muheza ilifikiwa mapema, kwa hiyo kusafirisha mawe hakukuwa muujiza kwa mwenye fedha. Kama ni mawe ya mlimani au ya mtoni, ya kuokota hapo hapo, uwanja uko wazi kwa kila mtu.

Kwangua kidogo kati ya mawe kwa msumari, mahali pasipoonekana. Chokaa itadondoka kama unga mweupe, mara nyingine ikiwa na vipande vya mkaa wa tanuri. Simenti ni ya kijivu na itakataa. Kuta za chokaa zenye viraka vya simenti hukuambia kwamba kuna mikono miwili, ya zamani na ya baadaye. Mimi hupenda kuanzia kwenye madirisha. Umeniambia daftari la kijiji linasema "ghala la zamani", na wanakamati wamelichukulia kama tusi la karani mvivu. Mimi nisingelipuuza. Ghala huwa na madirisha madogo, ya juu, yenye vyuma, ili hewa ipite na mwizi asipite. Ukumbi huwa na madirisha makubwa ya chini ili watu wakae ndani bila kuchemka. Chunguza pembeni mwa madirisha yenu makubwa. Ukikuta kingo zake zimejazwa matofali ya simenti au zege huku ukuta wenyewe ni wa mawe, ujue ukuta ulitobolewa baadaye. Na ukikuta juu yake kuna matundu madogo yaliyozibwa, basi karani wenu ameandika kumbukumbu ya zamani kuliko zote mlizo nazo.

Lakini usiishie hapo. Kuna kumbi nyingi zilizogeuka ghala miaka ya 1970, zikawekwa mbolea na mahindi ya kijiji hadi panya wakahamia. Ghala la namna hiyo halina madirisha ya juu. Lina madirisha ya ukumbi yaliyozibwa kwa mbao au matofali. Ukuta wenyewe utakuambia ni ghala la aina gani.

Tazama na kile kinachoshikilia ukuta juu ya mlango, yaani linta. Kwenye eneo la mkonge mafundi walitumia sana vipande vya reli, hasa zile nyembamba za vitoroli vilivyobeba majani kutoka shambani hadi korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge. Kama linta yenu ni reli, una bahati. Reli nyingi zina maandishi yaliyopigwa ubavuni kiwandani: jina la mtengenezaji na mara nyingi mwaka. Piga brashi ya waya taratibu, weka tochi pembeni, usome. Mwaka huo hautakuambia jumba lilijengwa lini. Utakuambia kwamba linta haikuweza kuwekwa kabla ya mwaka huo, na hiyo peke yake inaweza kumaliza ubishi wa nusu saa.

Nakuonya kwa sababu nimeshaaibika. Nikiwa kijana mwenye majibu mengi, niliandika kwamba nyumba moja ya mikutano upande wa Pangani ni ya wakati wa Mjerumani. Kuta zilikuwa nene kama za boma, chokaa tupu. Mama mmoja mtu mzima alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, kisha akaniuliza kama nimewahi kuona nyumba ikivunjwa. Mawe yale yalitoka kwenye nyumba ya tajiri iliyoanguka, wao wenyewe waliyabeba kichwani wakiwa wasichana, na chokaa waliichoma ufukweni kwa sababu simenti ilikuwa ghali. Mawe yalikuwa ya zamani, jumba halikuwa la zamani. Tangu siku hiyo unene wa ukuta haunibabaishi.

Bati nalo ni shahidi dhaifu, kwa sababu bati hubadilishwa. Hata hivyo pandisha kijana kwenye kenchi aangalie upande wa chini wa mabati, kwenye kona zisizopigwa na mvua, kama kuna muhuri wa kiwanda. Mabati ya zamani yaliletwa kwa meli kutoka Ulaya. Kiwanda cha mabati cha ALAF cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1960, kwa hiyo bati lenye muhuri wake haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Na kama hilo mnaloliita bati ni la kijivu, nene, linalovunjika kama kigae, simamisha kila kitu. Hiyo inaweza kuwa asbestosi, vumbi lake husababisha saratani ya mapafu, na haivunjwi kwa nyundo wala kuchomwa. Mwite afisa afya wa wilaya kabla fundi hajagusa msumari.

Turudi kwenye majina, maana hapo ndipo penye utamu.

Welfea. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Kiingereza ilijenga mijini majumba ya ustawi wa jamii, na fikra ya mwanzo ilikuwa askari waliorudi vitani. Vijana wale walikuwa wameona Burma, wanajua kusoma ramani, na watawala hawakupenda wakae vijiweni bila kazi. Ndani kulikuwa na magazeti, redio, meza za michezo, madarasa ya kusoma usiku, siku nyingine mafunzo ya kushona kwa akina mama. Watu wakalichukua neno la Kiingereza wakaliita Welfea, na jina likasambaa hadi mahali ambapo serikali haikujenga kitu. Kwa hiyo wazee wenu kuliita Welfea si ushahidi kwamba serikali ilijenga. Ni ushahidi kwamba wakati fulani ndani ya jumba hilo kulikuwa na mambo ya Welfea. Waulize: mlikuwa mkifanya nini humo? Wakikutajia Bwana Maendeleo na ubao wa kuandikia, hiyo ni serikali. Wakikutajia dansi ya Jumamosi ya mshahara, gramafoni na soda, fikiria shamba.

Na shamba lilikuwa na sababu zake. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, miche michache iliyosalimika ikapandwa upande wa Pangani, na ndani ya miaka 60 Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950 bei ilipaa. Kila mwenye shamba alitaka wakataji, na wakataji hawakutoka Bondeni wala Usambara kwa wingi. Wabondei na Wasambaa walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kukata majani yenye miiba kwa kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku 30. Watu waliletwa kwa mkataba kutoka mbali, Ruanda-Urundi wakiwemo, wakaitwa manamba. Mtu aliyetoka mbali hivyo anaweza kumaliza kipande chake akahamia shamba la jirani lenye ngoma nzuri zaidi. Basi wenye mashamba wakaanza kushindana kwa vitu vidogo: zahanati, uwanja wa mpira, na jumba la burudani. Ukumbi wa shamba ulikuwa pia njia ya kumshikilia mfanyakazi.

Sasa huyo Mgiriki wa bibi. Wagiriki wenye mkonge walikuwa wengi Tanga, hilo halina shaka. Baada ya Vita vya Kwanza mashamba ya Wajerumani yalitaifishwa kama mali ya adui yakauzwa, na Wagiriki na Wahindi walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Lakini katika mazungumzo ya vijijini "Mgiriki" wakati mwingine ni Mzungu yeyote wa mkonge. Kampuni ya Amboni ilikuwa ya Waswisi, na nimewahi kusikia meneja wake akiitwa Mgiriki bila mtu kupepesa jicho. Muulize bibi alikuwa akiitwa nani na watu, yaani jina la utani. Kila bwana shamba alikuwa nalo, na jina la utani hukaa kichwani mwa watu miaka mingi baada ya jina la hati kusahaulika. Wanyapara na makarani wa zamani, au watoto wao, ndio watakaokuunganishia jina hilo na shamba lenyewe.

Mwaka wenu wa 1958, kama utathibitika, si mwaka wa kawaida huku kwetu. Januari mkutano wa TANU wa Tabora uliamua chama kiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Awamu ya kwanza ya uchaguzi huo, Septemba 1958, ilihusu na Jimbo la Tanga. Mwaka huo huo wafanyakazi wa mkonge wa Mazinde, mbele ya Mombo, waligoma mgomo uliotikisa mashamba yote. Katika hali hiyo mwenye shamba anaweza kujenga ukumbi ili atulize watu, au akaufunga ili wasikutane. Na wananchi wanaweza kuamua kwamba sasa wanataka jumba lao, lisilo la bwana. Mikutano ya hadhara ilihitaji kibali. Mtu aliyechora 1958 kwa kijiti alijua anaandika nini, ila usimwekee maneno mdomoni hadi upate shahidi wa pili.

Hapo ndipo mzee balozi anapoingia, na mwangalie kwa makini miaka yake. Mabalozi wa nyumba kumi walianza katikati ya miaka ya 1960. Kama yeye anakumbuka michango ikikusanywa na balozi, jasho analolisema ni la baada ya Uhuru, na laweza kuwa la kweli kabisa: bati jipya, jamvi jipya (yaani sakafu ya zege), madirisha makubwa. Bei ya mkonge ilianguka baada ya 1964, likaja Azimio la Arusha Februari 1967, mashamba mengi yakawa ya Shirika la Mkonge, mengine yakafa taratibu. Kambi za manamba ziligeuka vijiji. Jumba la burudani la bwana likabaki katikati ya watu bila bwana, likihitaji paa. Nani atalipaua? Wananchi, kwa msaragambo, yaani kazi ya kujitolea ya pamoja, na tawi la chama likisimamia kwa sababu ndilo lililokuwa na mwenyekiti, katibu na muhuri. Ndivyo jumba lilivyoweza kuitwa la chama bila mtu yeyote kuamua hivyo.

Na msisahau kilichofanyika ndani. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, vikundi vikikaa kuzunguka redio moja, kisha wanatoka kuchimba vyoo. Mamilioni ya watu nchini walishiriki. Kumbi kama lenu ndizo zilizokuwa madarasa. Kama kwenye ukuta wa ndani kuna mraba uliopakwa rangi nyeusi chini ya chokaa, huo ni ubao wa kisomo. Msiukwangue. Kwangu mimi, mraba huo una historia kubwa kuliko Mgiriki.

Ukienda kwa wazee, usiwaulize mwaka. Mtu wa miaka 80 atakupa mwaka wowote ili umwache anywe chai yake. Uliza vitu. Mlichangia kwa pesa gani? Shilingi ya Tanzania ilianza 1966. Akikumbuka alitoa senti za tundu, tunazungumzia pesa ya zamani ya Afrika Mashariki. Simenti ilitoka wapi? Wakisema Mombasa, fikiria miaka ya 1950 hadi katikati ya 1960, maana Bamburi ilianza kuzalisha mwaka 1954 na Wazo Hill ikaanza 1966. Wakisema Pongwe, hiyo ni 1980 na kuendelea. Jumba lilikuwepo wakati vijana wanaondoka kwenda Vita vya Kagera? Lilikuwepo bendera ya Uhuru ilipopandishwa? Nani aliolewa humo wa kwanza? Harusi ni kalenda nzuri sana, kwa sababu mtoto wa kwanza ana umri.

Uliza na muziki. Tanga ya miaka ya 1960 ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwa dansi, na Black Star na Lucky Star kwa taarabu, na bendi zilitoka mjini kwenda mashambani siku za mshahara. Mtu aliyesahau jina la mkuu wa wilaya hasahau usiku aliocheza hadi kanga ikamdondoka. Na kabla ya hapo kulikuwa na ngoma ya beni, na vikundi vyake vya Marini na Arinoti, wakishindana kwa mavazi na vyeo vya kujipa. Ikiwa kuna mzee aliyesimuliwa na wazazi wake kwamba beni lilichezwa pale penye jumba, unazungumzia uwanja wenyewe kabla ya kuta.

Wahoji akina mama wakiwa peke yao. Hili silisemi kwa adabu. Katika orodha za wajenzi nilizoziona, mafundi waashi wametajwa, wenyeviti wametajwa, na waliobeba maji kutoka mtoni kwa ajili ya zege wameitwa "na wananchi". Zege halichanganywi kwa hotuba. Bibi yako ana majina yao.

Karatasi sasa, na hapa nitakuokoa na safari ya bure. Usiende kutafuta faili la Wilaya ya Muheza la wakati wa mkoloni. Muheza ilikuwa ndani ya Wilaya ya Tanga, kwa hiyo tafuta Tanga, na ndani yake Bonde. Kwenye Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kuna mafaili ya wilaya na majimbo, na kuna vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni, waliandika kila kitu, kuanzia mila hadi madaraja. Sheria ya kumbukumbu ya mwaka 2002 inafungua nyaraka za serikali zikifikisha miaka 30. Nenda na barua ya kijiji yenye muhuri. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya Afrika Mashariki, na humo tafuta Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza 1923. Lilikuwa na habari za miji zilizoletwa na wasomaji wenyewe: nani kafariki, nani kafungua duka, jumba gani limezinduliwa na bwana gani kalishwa keki. Ukumbi uliofunguliwa kwa sherehe una nafasi nzuri ya kuwa humo. Karibu nawe zaidi, makumbusho ya Urithi kwenye boma la zamani la Tanga yana picha; peleka picha zako uzilinganishe.

Utakuta pengo kuanzia 1972. Mwaka huo serikali za mitaa zilifutwa, zikarudishwa 1984, na katikati mafaili ya halmashauri yalihamishwa, yaligawanywa, mengine yakafungiwa vitumbua. Niliwahi kufunguliwa kabati katika ofisi moja nikakuta mchwa wamekula mafaili katikati na kuacha majalada yamesimama wima kama wanajeshi. Kwa miaka hiyo tegemea masanduku ya watu: stakabadhi za michango, kadi, picha za harusi zenye ukuta wa jumba nyuma ya bi harusi. Picha ya namna hiyo hukuonyesha dirisha lilikuwaje siku hiyo.

Umegusa kwa mbali suala la mwenye mali, na nadhani ndilo lililovunja kikao kwa kweli. Litenganishe na historia. Aliyejenga na anayemiliki ni maswali mawili, na ukiyachanganya kwenye kibao kimoja utakipaka rangi mara tatu. Kwa kifupi: kama jumba liko ndani ya mipaka ya shamba la zamani, fuata hati ya shamba. Ardhi ya umiliki wa kudumu iliyoachwa na Mjerumani iligeuzwa mwaka 1963 kuwa ya kukodishwa na serikali, na mwaka 1969 ikawa haki ya kumiliki chini ya serikali. Je, shamba hilo lilifutiwa hati, lilikatwa, au bado lina mwenyewe? Ofisi ya ardhi ya wilaya itakuonyesha ramani. Kama jumba liko ndani ya ardhi ya kijiji, tazameni sheria ya vijiji ya 1975, ndiyo iliyoipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kumiliki mali kwa jina lake, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Upande wa chama, kumbi nyingi zilizojengwa kwa michango ya watu wote wakati wa chama kimoja zilibaki mikononi mwa chama baada ya 1992, na ugomvi wake haujaisha nchi nzima. Tafuteni muhtasari wa mkutano uliokabidhi jumba, kwa yeyote aliyekabidhiwa. Msipouona, mwanasheria wa halmashauri ya wilaya ndiye wa kuzungumza naye, si mimi wala bibi.

Kuna mwanakamati ataleta hoja kwamba jumba linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale, kwa hiyo lisiguswe. Sheria hiyo ya 1964 hulinda yenyewe, bila tangazo, majengo ya kabla ya 1863. Lenu halimo. Inalinda pia milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940, kwa hiyo kama mlango wenu wa mbele ulitoka kwenye nyumba ya pwani, kama ilivyotokea kwa majumba mengine, msimuuzie yule mnunuzi wa mjini anayekuja na gari na maneno matamu.

Kwa fundi, nina ombi moja. Kama kuta ni za chokaa, asizipige lipu ya simenti. Chokaa hupumua, simenti huziba unyevu ndani, lipu inavimba, inaanguka pamoja na uso wa ukuta, na baada ya masika machache mnarudi kuchangishana. Chokaa ya kupaka haijapotea Tanga, na mafundi wazee wa kuichanganya bado wapo. Na ngazi yenye 1958 isivunjwe hata kama imepasuka. Wamwage nyingine pembeni.

Maneno ya ukutani yasizidi ya mtu kuyasoma akiwa amesimama na mtoto mgongoni. Ningeandika mliyothibitisha tu, kwa mtindo wa nani alitoa nini: mawe, bati, jamvi, maji ya zege, kwa majina ya watu pale mnapoyapata. Pale bibi na balozi wanapotofautiana, andikeni kauli zote mbili na mseme ni nani aliyesema. Bibi yako atataka kusoma jina lake, na balozi pia.

Ila kabla ya yote hayo, mzuie mpaka rangi. Nimekutana na linta nyingi za reli zilizopakwa bluu ya mafuta kwa furaha ya ufunguzi, na hakuna brashi iliyoweza kuzisoma tena. Ukishaona herufi, piga picha ukiwa na tochi pembeni, uniandikie. Na umuulize bibi siku ya ufunguzi wanawake walivaa kanga gani, na iliandikwa nini.